Simu ya Baiskelini Ibakize Chaji ya Kuitia Msaada

Mama mpendwa, siku hizi akina baba na vijana wetu wengi huendesha baiskeli safari ndefu kwa ajili ya afya, na baadhi yetu akina mama tumo pia. Zamani aliyetaka kujua mwendo wake alifunga kifaa maalum kwenye usukani. Sasa simu janja hufanya kazi hiyo: hupima mwendo, huhesabu kilometa na kuonyesha njia. Ni jambo jema, tena linapunguza gharama. Lakini tusisahau kwamba simu hiyo hiyo ndiyo ya kuitia msaada. Ikizimika, aliyeanguka njiani hana sauti, nawe nyumbani huna habari.

Tuchukue mfano wa safari ya Moshi hadi Arusha, yapata kilometa 80. Kwa mwendo wa kilometa 16 kwa saa, hizo ni saa tano bila mapumziko. Kioo kikiwaka muda wote huo, tena kwa mwanga mkali ili kisomeke juani, si ajabu chaji ikaisha kabla ya kufika. Kioo ndicho mlaji mkubwa wa betri. Dawa yake ni rahisi: programu kama Strava huendelea kurekodi safari hata kioo kikiwa kimezimwa. Basi simu na ikae mfukoni, hesabu zitazamwe wakati wa kupumzika.

Wengi hudhani kupima safari kunahitaji bando. Sivyo. Simu hupokea ishara za setilaiti bila bando wala laini. Kinachohitaji bando ni kuleta ramani, nayo yaweza kupakuliwa nyumbani usiku wa kuamkia safari. Google Maps na Organic Maps zote zinaruhusu hivyo.

Anayelazimika kuitazama ramani mara kwa mara aifunge simu kwenye kishikio imara, lakini asome akiwa amesimama kando ya barabara. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, kuinamia kioo sekunde tatu tu ni kupita zaidi ya mita 16 bila kuona mbele. Jua nalo huichosha simu: ikipata joto mno hupunguza mwanga na huweza kukataa kuchaji. Iwekwe kivulini ipoe yenyewe, isitiwe kwenye barafu.

Sasa niseme kama muuguzi. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kutuambia kwamba ana kisukari au kwamba dawa fulani humdhuru. Simu za iPhone na nyingi za Android zina mahali pa kuandika habari za dharura, zikasomwa bila kujua namba ya siri. Kaeni pamoja jioni moja mjaze: maradhi, dawa anazotumia, zinazomdhuru, na namba ya simu ya ndugu. Yote hayo yaandikwe pia kwenye karatasi na kuwekwa mfukoni, maana karatasi haiishi chaji.

Nawe mama, usimpigie kila baada ya dakika chache. Kumpigia aliye kwenye usukani ni kumhatarisha. Kubalianeni atume ujumbe mfupi kila apumzikapo, mathalani Boma Ng'ombe, Kikatiti na Usa River.

Kabla hajatoka, hakikisheni haya: chaji imejaa, ramani imepakuliwa, pawabenki na waya wake vipo, maji yapo, na kofia ngumu iko kichwani. Kisha wekeni sharti moja: chaji ikishuka hadi asilimia 30, kurekodi kusimamishwe na simu ibaki kwa kupiga na kupokea tu. Kilometa zisizorekodiwa hazipungui faida mwilini, na chaji iliyobaki yaweza kuokoa maisha.