Homa Hukata Mti Kabla ya Shoka



Leo hatutasema khabari za bei wala za magunia. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya madaktari na miti. Tunajua wako watakaouliza, "Wapi na wapi?" Daktari kazi yake ni dawa, na mkulima kazi yake ni shamba, kila mtu na lake. Nasi tulikuwa na fikra hiyo hiyo, mpaka jambo lilipotufika wenyewe tukaona haya.

Msimu uliopita ililetwa khabari mbele ya Kamati kwamba mwanachama wetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, amekata mikarafuu minne na mwembe mmoja akachoma makaa. Sisi, bila ya kumwuliza mtu yeyote, tulikaa tukaandika barua kali. Tulimkumbusha kuwa sheria inakataza kukata mkarafuu bila ya ruhusa, tukamwambia kuwa anakula urithi wa watoto wake, na kwamba Kamati itafikiri kama yafaa abaki katika Jumuiya. Barua ilikuwa na maneno fasaha, na tulipoisoma kabla ya kuitia sahihi tulijiona tumefanya kazi.

Barua ile haikumkuta nyumbani. Alikuwa Unguja siku ya kumi na saba, amekaa pembeni mwa kitanda cha mtoto wake hospitali. Makaa yale ndiyo yaliyokuwa nauli ya boti, ndiyo chakula cha mama wa mtoto, na ndiyo dawa zilizokosekana dirishani zikanunuliwa dukani. Mtoto alirudi mzima, alhamdulillahi. Mikarafuu haikurudi.

Hatusemi kwamba alifanya vyema kukata. Sheria ni sheria, na mkarafuu mmoja ukianguka leo, mche utakaopandwa mahali pake hautatoa karafuu ya maana ila baada ya miaka sita, saba, au zaidi. Lakini barua yetu ilisema na shoka tu, haikusema na homa. Na mti ule ulikatwa na homa kabla ya kukatwa na shoka.

Kila mmoja wetu akitazama mtaani kwake ataona mambo ya namna hii. Mtu anauguliwa na mke, anakodisha mikarafuu yake misimu mitatu kwa bei ya kutupa. Mwenye kukodi hana haja ya kupalilia shamba lisilo lake. Akija huja na wachumaji wa haraka, matawi yakavunjwa, na mwenye shamba akirudishiwa miti yake hurudishiwa magofu. Mwengine hukata miti ya kivuli juu ya chemchemi. Chemchemi ikikauka, watu hunywa maji ya kisima kibovu, na maradhi yaliyokuwa katika nyumba moja huingia katika nyumba kumi. Basi maradhi huua mti, na kufa kwa mti huleta maradhi. Hii ni duara, na anayetaka kuikata hapana budi aikate pande zote mbili.

Tumepata kusoma khabari za watu waliofanya hivyo hasa, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Wako Indonesia, nchi ambayo ndiyo asili ya mkarafuu na ambayo mpaka leo huzaa karafuu nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Si katika visiwa vya karafuu vya Maluku, bali katika kisiwa kikubwa cha Borneo, upande wa Kalimantan Magharibi, karibu na msitu wa hifadhi uitwao Gunung Palung. Wanavijiji wa pembeni mwa msitu ule walikuwa wakiingia usiku na mchana na misumeno ya moto, wakikata magogo kwa magendo. Serikali iliweka walinzi, sheria zilikuwapo, na miti iliendelea kuanguka.

Mwaka 1993 alifika huko msichana wa Kimarekani, Kinari Webb, kusoma maisha ya nyani wakubwa waitwao orangutani. Aliona watu wakikata msitu ili wapate fedha za kumtibu mgonjwa. Akarudi kwao akasomea udaktari, na mwaka 2007 yeye na wenzake, miongoni mwao daktari wa meno wa Kiindonesia, Bibi Hotlin Ompusunggu, wakafungua zahanati katika mji mdogo wa Sukadana.

Walakini kabla ya kufungua mlango walifanya jambo ambalo sisi katika barua yetu hatukulifanya. Waliwaendea wanavijiji wakawauliza: "Nyinyi mnahitaji nini ili muweze kuuacha msitu huu?" Wanavijiji wakajibu kwamba wanataka matibabu mazuri wanayoyamudu, na wanataka kufundishwa kilimo kisichohitaji mbolea ya kununua wala shamba jipya kila mwaka. Madaktari wakayafuata majibu hayo.

Katika zahanati ile mgonjwa asiye na fedha hulipa kwa alicho nacho. Huleta miche ya miti, au samadi, au mikeka aliyoisuka, au hufanya kazi siku kadhaa. Miche ile hupandwa pale palipokatwa msitu. Kijiji kilichoacha kukata hutozwa bei ya chini kuliko kijiji kinachoendelea kukata, lakini mgonjwa wa kijiji chochote hutibiwa, hafukuzwi kwa kosa la jirani yake. Baadaye wakaanza na kununua misumeno ya moto kwa wakataji waliotaka kuacha kazi hiyo, wakawasaidia kuanza biashara nyengine.

Mwaka 2020 wataalamu walitoa hesabu ya miaka kumi ya mwanzo. Waliufananisha msitu ule na misitu mengine ya hifadhi ya Indonesia, wakaona kwamba ukataji ulikuwa umepungua kwa kadiri ya 70 katika kila 100 kuliko ambavyo ungekuwa bila ya zahanati. Katika muda huo wagonjwa zaidi ya 28,000 walitibiwa, na maradhi kama malaria na kifua kikuu yakapungua. Tena miti ilisalimika zaidi karibu na vile vijiji ambavyo watu wake waliitumia zahanati zaidi. Hapo ndipo panapothibitisha kwamba dawa na msitu havikwenda njia mbili.

Mwanachama atauliza, "Msitu wa Borneo unatuhusu nini sisi?" Unatuhusu kwa mvua. Mti ukiwa hai huvuta hewa ya kaboni na kuifungia ndani ya mwili wake. Ukichomwa huiachia, na hewa hiyo ikizidi angani dunia huzidi joto. Sisi wakulima hatuhitaji kufundishwa kwamba majira yamebadilika. Mkarafuu ni mti wenye kujua hesabu. Unataka mvua kwa wakati wake na jua kwa wakati wake, na mvua ikinyesha juu ya majamvi siku ya kuanika, kila mmoja wetu anajua karafuu huwaje. Na madaktari nao wanaiona khatari hiyo katika vyumba vyao: mafuriko huleta kipindupindu, maji yaliyotuama huzaa mbu, na joto kali huwadhuru wazee na watoto wachanga. Ndiyo maana katika mkutano wa mataifa juu ya tabianchi uliofanyika Dubai mwaka 2023, kwa mara ya kwanza siku nzima iliwekwa kwa ajili ya afya.

Wako wanaosema, "Madaktari wasafishe kwao kwanza, ndipo waje kutuambia habari za miti." Maneno haya yana haki, na madaktari wenyewe wameyakubali. Hospitali hutumia umeme mwingi, hutupa taka nyingi, na baadhi ya dawa zake huchafua anga. Iko dawa ya usingizi iitwayo desflurane, ambayo mgonjwa huivuta wakati wa kupasuliwa na baadaye hutoka nje. Uzani wake mmoja hulitia dunia joto mara 2,500 hivi kuliko uzani kama huo wa hewa ya kaboni. Madaktari wa usingizi walipojua hayo walianza kuiacha na kutumia dawa nyengine zenye kufanya kazi ile ile, na mwaka 2023 Scotland ikawa nchi ya kwanza kuiondoa katika hospitali zake za umma. Hakuna mgonjwa aliyenyimwa usingizi wake kwa sababu hiyo. Basi wao wameanza kufagia uwanja wao. Tusitumie takataka zao kuwa udhuru wa kutofagia wetu.

Sasa tuje kwetu. Jumuiya hii haiwezi kujenga zahanati, na hatutaki kuahidi tusichokiweza. Lakini iko miti isiyohitaji zahanati kuokolewa, inahitaji nauli ya boti tu ipatikane usiku ule ule mgonjwa anapozidiwa. Kwa hivyo sisi tunaona, na tutaliweka jambo hili mbele ya mkutano mkuu, kwamba yafaa tufanye mambo matatu.

La kwanza, tuanzishe Mfuko wa Maradhi. Kila mwanachama akishauza karafuu zake atoe thamani ya kibaba kimoja katika kila gunia. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vya wanachama wote hujaza mfuko. Mwanachama mwenye mgonjwa akopeshwe upesi, bila ya kuandikiana karatasi nyingi, naye aahidi kuwa hatakata wala hatakodisha mikarafuu yake kwa ajili ya maradhi hayo.

La pili, asiyeweza kulipa deni lake lote kwa fedha alipe nusu yake kwa miche. Aoteshe katika kitalu cha Jumuiya, miche ya mikarafuu na miche ya miti ya kuni na kivuli, nasi tuipande penye mapengo na juu ya chemchemi. Hivyo mgonjwa mmoja akipona, shamba nalo litapona.

La tatu, tuwaalike madaktari na wauguzi wa vituo vyetu wahudhurie mkutano. Tusiwaite kutuhutubia tu. Wao watuulize sisi, na sisi tuwaulize wao: ni maradhi gani yanayozidi mvua zikiharibika, ni kisima gani cha kuogopwa, ni moshi wa jikoni kiasi gani unaowaumiza wake zetu na binti zetu, na tufanye nini pamoja.

Tunajua ziko shaka. Baadhi ya wanakamati wamesema kuwa fedha za mfuko zitaliwa. Jambo hilo limewahi kutokea katika vyama, na kulificha si uaminifu. Kwa hivyo tunasema hesabu isomwe mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu, na funguo wawe nazo watu watatu wasiokuwa wa nyumba moja. Wengine wamesema kuwa watu watazua maradhi ili wakope. Huenda mmoja au wawili wakafanya hivyo. Lakini tukipima udanganyifu wa wawili na mikarafuu ya wote inayokwenda kwa bei ya kutupa, khasara kubwa ni ipi?

Ama yule mwenzetu tuliyemwandikia, Kamati imeifuta barua ile katika daftari, na Katibu amekwenda nyumbani kwake kumtaka radhi. Alitupokea vizuri, akatutilia kahawa, na hakusema neno juu ya maneno yetu. Tulipokuwa tunaondoka alituonyesha nyuma ya nyumba miche minane ya mikarafuu katika vifuko, ameifunika makuti isipigwe na jua. Alituambia kuwa minne ni badala ya ile aliyoikata, na minne ni ya mwanachama yeyote atakayefikwa kama alivyofikwa yeye.

Basi Mfuko wetu umekwisha kuanza, wanachama, kabla ya mkutano. Mtoaji wa kwanza ni yule tuliyetaka kumtoa. Aliyebaki na aje atie chake.

Katibu wa Jumuiya