Kama Kahawa Inakukera, Fungua Dirisha

Jamani, hii tabia ya mastaa wetu kuwanusa watu kisha kuwapangia daraja imezidi. Safari hii ni yule dada wa tamthilia, jina nalihifadhi, kakaa laivu karibu saa nzima anaponda pafyumu tamu zinazonukia kahawa. Eti ni harufu ya saluni za uswahilini. Eti akiingia kwenye lifti akakuta mtu kajipulizia ile ya bei chee, yeye anashuka. Mashabiki wakacheka mpaka basi. Mimi sikucheka, maana najua kicheko kile nani anakilipia.

Anakilipia binti anayesuka nywele Mvumi, kilomita kama 40 kutoka Dodoma mjini. Huyo kadunduliza hela za vichwa vya watu mpaka kapata chupa yake ya Khamrah Qahwa. Akisikia maneno kama yale, anaona haya kuivaa hata kwenye kipaimara cha mdogo wake. Anaanza kuitafuta ile ya Ufaransa aliyosifiwa. Bei yake ya kweli haiwezi, basi anaangukia kwa muuzaji wa mtandaoni mwenye "orijino" ya elfu thelathini. Mzigo unakuja na kosta: boksi safi, herufi za dhahabu, ndani spiriti yenye rangi. Shingoni inawasha, na kabla hajafika ukumbini haisikiki tena. Wauza feki hawahitaji tangazo, dada yetu anawafanyia bure. Mtu asiyeona aibu kuvaa cha bei yake hana sababu ya kununua jina la kughushi.

Halafu dada kachanganya mambo mawili kwenye kapu moja. Feki ni kubandika jina la mwenzio kwenye chupa yako, na ndiyo hiyo Tume ya Ushindani huwa inaikamata na kuiteketeza. Kufanana harufu ni jambo jingine. Lattafa, kampuni ya Falme za Kiarabu, iliitoa Khamrah mwaka 2022 na hii ya kahawa mwaka 2023, na zote zina jina lake mwenyewe. Ndiyo, wanusaji walisema mapema kwamba Khamrah inafanana na Angels' Share ya Kilian ya 2020, ambayo bei yake ni ya kununulia ndama. Sasa? Hata mahakama za Ulaya ziligongana kuhusu nani anamiliki harufu. Juni 2006 mahakama ya juu ya Ufaransa ilisema harufu ya manukato haina hakimiliki. Siku tatu baadaye ya Uholanzi ikasema inaweza kuwa nayo. Majaji hawajaelewana, wewe na simu yako umeshahukumu.

Na huo utamu, nani kakwambia ni ushamba? Angel ya Thierry Mugler ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua mlango huo, kwa kemikali inayonukia sukari iliyoungua. Mwaka 2014 Yves Saint Laurent wakatoa Black Opium, na kahawa ndiyo ilikuwa majigambo yao. Ikitoka Paris inaitwa anasa. Ikitoka Uarabuni kwa bei ya kuku kadhaa, tayari ni harufu ya saluni! Tena sisi hii tunaijua kuliko wao. Kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, tangawizi ndani, kashata pembeni: wazee wa pwani wameinywea barazani miaka na miaka. Hiyo Qahwa nayo ina tangawizi, iliki na mdalasini. Hata jina ni kahawa yetu ileile kwa Kiarabu. (Khamrah lenyewe linatokana na neno la mvinyo, lakini kwa mkoa wa zabibu nadhani tutasameheana.)

Sisemi haina kero. Ni nzito. Mwezi wa kumi, saa saba mchana, kosta imejaa mpaka mlangoni, mtu kajipulizia mara nane: hapo hata mimi nitaomba dirisha. Joto linairusha harufu yote kwa pamoja. Mbili zinatosha, na upake losheni kwanza, kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu na ngozi kavu haishiki harufu. Ukienda kumwona mgonjwa hospitali, iache nyumbani kabisa. Hayo ni maneno ya kumwambia mtu kwa upole, pembeni, kama shoga yako. Kumtangaza kwa maelfu ya watu kwamba ananuka umaskini ni ukatili tu, hata ukiupamba na lafudhi ya Masaki.

Na dada, ngoja nikukumbushe. Kwenye laivu ileile, mwishoni, simu iliteleza tukaiona meza yako ya vipodozi. Katikati ya chupa za Paris ilikuwepo moja nene, ya kahawia. Na ilikuwa imebaki robo.