Kijana asiye na sauti hatabaki shambani



Katika mikutano yetu mikuu vijana wako. Njo wanaopanga viti, njo wanaobeba mizani, njo wanaoandika majina mlangoni. Lakini saa ya kupiga kura wanatoka inje, sababu hawana hisa. Kisha tunashangaa tukisikia wameenda kuchimba dahabu Kamituga ao wameingia kazi ya taksi-moto.

Tusiseme vijana hawana uongozi. Vijijini kuna Skauti, kuna Kiro, kuna vikundi vya AVEC vya kuweka akiba. Sanduku la AVEC liko na funguo tatu, na kila funguo iko kwa mtu wake. Binti anayeaminiwa na funguo kule, kwa nini hapa kwetu haaminiwi hata na daftari la mizani?

Tuchukue mfano wa kahawa. Miti mingi ya arabika huku Kivu imezeeka. Ili ipate nguvu tena, inakatwa shina karibu na chini, kiasi cha sentimita 30, halafu tunabakisha machipukizi mawili ao matatu mazuri. Mzee anaogopa, sababu mti uliokatwa unakaa karibu miaka 2 bila kumpa kitu cha maana. Njia iko: kukata sehemu moja ya tatu kila mwaka, na kupanda maharagi katikati ya mistari iliyokatwa. Kazi hiyo inataka mikono yenye nguvu, msumeno mkali, na mtu wa kuandika mistari gani ilikatwa mwaka gani. Kikundi cha vijana waliofundishwa kinaiweza. Na wao njo watavuna miti hiyo wakati sisi tumepumzika. Basi wakae wakati tunaamua.

Masomo peke yake hayatoshi. Miradi mingi imefundisha vijana siku tatu, ikawapa cheti na kofia, ikaenda. Kijana alirudi nyumbani na akili mpya, lakini bila shamba la kuijaribu.

Wengine watasema: «Batoto hawa, tukiwapa kasa watakula feza.» Feza ya koperative imekwisha kuliwa na watu wenye mvi pia. Kinachoilinda ni ukaguzi. Sheria ya koperative ya OHADA ya mwaka 2010, nchi yetu iliyoingia mwaka 2012, inataka kila koperative iwe na watu wa kuchunguza kazi ya viongozi. Sheria hiyo hiyo inasema kila mwanamemba ana sauti moja, awe na hisa moja ao hisa kumi. Tena inaruhusu watu 5 tu kuanzisha koperative ndogo. Tukiwafungia vijana mlango, wanaweza kufungua wao, na kahawa yao haitapita tena kwenye mizani yetu.

Napendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu unaokuja:

Kwanza, kijana alipe hisa kidogo kidogo, msimu kwa msimu, kwa feza anayopata kazini kwenye kitalu ao kwenye kituo cha kusafisha kahawa.

Pili, kikundi cha vijana kipewe kipande cha shamba kwa karatasi iliyosainiwa, kwa miaka isiyopungua 7. Kahawa inaanza kuzaa mwaka wa 3 ao wa 4. Hakuna mtu atakayeweka mbolea kwenye udongo ambao anaweza kunyanganywa msimu ujao.

Tatu, tuchague kijana mmoja, mvulana ao binti, kwenye kamati ya ukaguzi. Ajifunze kusoma hesabu tungali hai, wakati bado anaweza kutuuliza na sisi kumjibu.

Koperative ni kama shamba la ndizi: mgomba mkubwa ukikatwa, chipukizi inaendelea. Lakini mkulima mzuri anachagua chipukizi mapema, na anaiachia nafasi ya kupata jua.