Nilipata A ya Unasihi, Nikafeli kwa Mtoto wa Kidato cha Pili

Jumatano iliyopita usiku nilikaa kwenye kimbweta na wadogo zangu wa mwaka wa pili wanaojiandaa na UE ya Ushauri na Unasihi. Waliniita kwa sababu moja tu: mwaka jana kozi hiyo nilipata A, na kozi ile haigawi A ovyo. Mmoja alikuwa na simu, anasoma maswali ya kuchagua aliyoyapakua, wenzake wanaitikia kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Nani alianzisha unasihi unaomweka mteja katikati? Rogers! Kijana wa miaka 15 kwa Erikson yuko hatua ya ngapi? Ya tano! Kesi ya Tarasoff inafundisha nini? Wajibu wa kumlinda anayetishiwa! Kusema kweli wako vizuri, madesa wameyamaliza. Sapu wataisikia kwa wengine.

Nikawauliza swali langu. Uko TP, saa za kutoka, mwanafunzi wa kidato cha pili anakufuata anasema, "Madam, nikikuambia kitu, hutamwambia mtu?" Unamjibuje? Sitaki hoja, nataka maneno yenyewe, sasa hivi.

Kimya. Kisha kaka mmoja akasema, "Namwambia simwambii mtu. Ili aniamini."

Hilo ndilo jibu nililolitoa mimi mwaka jana.

Ilikuwa wiki ya tatu ya TP, shule moja ya kata mkoani. Binti alinisubiri chini ya mwembe nyuma ya darasa, akaniuliza hivyo hivyo, na mimi nikajibu kabla hata hajamaliza: "Simwambii mtu, niambie tu." Akaniambia kuwa baba yake mdogo ameshapokea ng'ombe wa kwanza wa mahari, na kwamba mama yake akionekana kupinga atapigwa. Nilimshika mkono. Nikamwambia ajipe moyo, asome kwa bidii, amwombe Mungu. Yaani nilimpa hotuba.

Mtakaoona ajabu ni hili: wiki chache kabla ya hapo, kwenye UE, kulikuwa na swali la mipaka ya usiri. Nililijibu lote. Hoja tano, mifano kila hoja, na kesi ya Tarasoff ya California ya 1976 nikaiweka mwishoni kama nondo ya kumfurahisha msahihishaji. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mnasihi hamwahidi mteja usiri usio na mipaka, na kwamba mipaka husemwa mwanzoni, kabla ya siri yenyewe. Nilijua. Ila nilijua kwa kalamu. Mdomo wangu haukuwahi kufundishwa.

Nilikaa na ile ahadi siku nne. Naona aibu kuandika namba hiyo. Siku ya tano binti hakuja shuleni, ya sita pia hakuja, nikaenda kwa mwalimu wa malezi nikitetemeka. Yeye hakukesha na nadharia. Alimwona mkuu wa shule, wakampigia mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii mchana ule ule. Hapo ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni kwa mkuu, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mtu yeyote katika jamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Na kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Tarasoff wa California nilimjua. Sheria ya nchi ninayofundisha nilihadithiwa mlangoni.

Binti alirudi darasani. Mpaka namaliza TP alikuwa akinipita: "Shikamoo Madam," basi, macho chini. Kwake mimi ni mtu aliyesema hatasema, akasema. Laiti ningemweleza tangu mwanzo, pengine asingenichukia. Au pengine asingeniambia kabisa. Sijui, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa turudi kimbwetani. Yale maswali ya kwenye simu niliyatazama vizuri. Yametungwa kwa ajili ya watu wanaojiandaa na NCE, mtihani wa kitaifa wa wanasihi wa Marekani. Una maswali 200 ya kuchagua, 160 ndiyo yanayohesabiwa, mengine yanafanyiwa majaribio tu. Vitabu vyetu vingi ni vya huko, kwa hiyo maswali yanaendana, wala simlaumu aliyeyapakua. Lakini wanaokaa kwenye mtihani ule wako ngazi ya uzamili, na programu zinazotambuliwa na chombo chao cha ithibati, CACREP, zinamtaka mwanafunzi apitie mazoezi ya saa 100, angalau 40 akiwa ana kwa ana na wateja, kisha saa 600 nyingine kazini, 240 kati yake na wateja. Zote chini ya msimamizi. Mtihani kwao unakaa juu ya saa hizo. Sisi tumechukua maswali yao, saa tumeziacha.

Saa zangu mimi kabla ya TP, za kukaa na mtu mmoja nikimsikiliza huku mkufunzi anatazama: sifuri. Na kule TP msimamizi alikuja mara mbili, akakaa nyuma ya darasa, akakagua andalio la somo, azimio la kazi na zana. Sawa, ndiyo kazi yake. Ila hakuna fomu iliyouliza kama kuna mtoto aliyewahi kuja kwangu na jambo.

Nisieleweke vibaya, sisemi tutupe nadharia. Bila Rogers nisingejua hata kwamba ile hotuba yangu ya "jipe moyo" haikuwa kusikiliza. Ninachosema ni kwamba tunapima kitu kimoja na kwenda kufanya kingine. Alama za kozi hii ni 40 za kazi za semesta na 60 za UE, na hizo 40 zenyewe ni majaribio mawili ya kuandika. Naomba idara ichukue 20 kati ya hizo 40 iziweke kwenye mazoezi ya watatu watatu: mmoja mnasihi, mmoja mnasihiwa, mmoja mtazamaji mwenye karatasi ya vigezo, halafu mnabadilishana.

Nimeshamsikia mwalimu mmoja akisema darasa ni kubwa mno na kusikiliza hakupimiki. La ukubwa ni kweli, nusu yetu tunasikilizia dirishani. Lakini mtazamaji si lazima awe mhadhiri. Wa mwaka wa tatu tuliotoka TP tupo, na makosa yetu bado ni mabichi. Kuhusu kupimika, waulizeni wenzetu wa udaktari. Tangu miaka ya 1970 vyuo vya tiba vina mtihani wa vituo: unaingia, mbele yako kuna mtu anayeigiza mgonjwa, pembeni mtahini ana orodha, dakika zikiisha unahama. Kama kumpokea mgonjwa kunapewa alama, kumpokea mtoto mwenye jambo zito kunashindikana nini?

Na kama idara itachelewa, tusisubiri. Jumatano ile tulizima simu tukajaribu. Kaka aliyesema "simwambii mtu" alikaa kwenye kiti cha mwalimu, dada mmoja akawa binti. Mara ya kwanza akachekacheka. Mara ya pili akatoa mhadhara. Ya tatu akaanza vizuri akajikanyaga. Ya nne akasema taratibu: "Nitakusikiliza. Mengi yatabaki kati yetu. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, itabidi nimhusishe mtu wa kutusaidia, na nitakwambia wewe kwanza ni nani."

Tukataka kupiga makofi. Yule dada akainuka, akajifunga vizuri mtandio, akasema, "Basi Madam, acha tu," akaanza kuondoka. Kaka akabaki ameshika kalamu, anatuangalia. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la haraka. Tulimrudisha dada, tukaanza tena kutoka pale, mpaka mlinzi akaja kutuambia anazima taa.