Neno la Mhariri: Maabara si Kuta na Paa

Sera ya sayansi, yaani msimamo wa serikali kuhusu namna maarifa ya kisayansi yatakavyofundishwa, yatakavyotafitiwa na yatakavyotumika katika uzalishaji, si jambo geni nchini Tanzania. Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ili iishauri serikali na kuratibu utafiti. Tangu mwaka 2019 yamekuwapo Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), ambayo huwakutanisha wanafunzi na mafundi wa sekta isiyo rasmi. Na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 Ufadhili wa Samia umewagharimia masomo ya chuo kikuu vijana waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Hatua hizi zinastahili pongezi. Hata hivyo, mashindano na ufadhili humtuza kijana ambaye uwezo wake umekwisha kuonekana, ilhali walio wengi hupotea mapema, kabla ya kidato cha tatu, pale mwanafunzi anapoamua kuendelea na fizikia na kemia au kuachana na masomo hayo.

Mwanafunzi huyo huhitaji maabara mapema. Mwezi Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, katika muda wa miaka miwili. Agizo hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu shule za kata, ambazo ziliongezeka kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004, nyingi hazikuwa na hata chumba kimoja cha majaribio, na watahiniwa wake walilazimika kufanya mtihani mbadala wa vitendo, yaani karatasi ya maswali kuhusu majaribio ambayo hawakuwahi kuyafanya kwa mikono yao. Wananchi walichangia fedha, mchanga na nguvu kazi. Tatizo ni kwamba kipimo cha mafanikio kikawa ni ujenzi: boma limefikia lenta, limepauliwa, limepigwa lipu. Kilichotakiwa kufanyika ndani ya jengo hilo mwaka hadi mwaka hakikupewa uzito uleule.

Chukua titresheni, zoezi la kawaida kabisa la kemia, ambalo hutafuta ukolezo wa myeyusho mmoja kwa kuuchanganya na mwingine unaojulikana. Mwanafunzi hufyonza kwa pipeti mililita 25 za myeyusho wa sodiamu kaboneti, huongeza matone machache ya kiashiria, kisha hufungua koki ya bureti ili asidi idondoke taratibu mpaka rangi ya njano igeuke kuwa ya machungwa. Hufanya hivyo mara nne, moja ya makadirio na tatu za uhakika, kwa hiyo mwanafunzi mmoja humaliza mililita 100 za kaboneti na asidi ya kiasi hichohicho au karibu yake. Darasa la wanafunzi 80 linahitaji lita nane za kila myeyusho kwa kipindi kimoja tu, na bado hayajahesabiwa maji ya kuoshea vyombo, bureti zitakazovunjika, wala fundi sanifu wa maabara, ambaye kazi yake ni kuandaa kemikali hizo kwa vipimo sahihi kabla wanafunzi hawajaingia. Asipokuwapo, mwalimu mwenye vipindi vingi huandika matokeo ubaoni, na wanafunzi huyanakili. Mtoto aliyenakili rangi asiyoiona hajajifunza kemia.

Hapa ndipo bajeti inapopaswa kutazamwa kwa makini. Jengo hugharimiwa na fedha za maendeleo, ambazo hutolewa mara moja na huishia kwenye uzinduzi. Kemikali, vifaa na mishahara hutegemea matumizi ya kawaida, ambayo hayana sherehe yoyote na kwa hiyo ndiyo hupunguzwa kwanza. Ruzuku ya uendeshaji, inayokokotolewa kwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, inategemewa na shule nzima, kuanzia chaki na karatasi za mitihani hadi ukarabati. Hata shule 26 za wasichana za sayansi, zilizopangwa kujengwa moja katika kila mkoa wa Tanzania Bara, hazikwepi swali la nani atagharimia kemikali na mishahara pindi mafundi wa ujenzi wanapoondoka.

Makala za toleo hili zimejikita katika maabara, na msimamo wa jarida ni wazi: serikali itenge ruzuku ya maabara peke yake, isiyoweza kuhamishiwa matumizi mengine, ikokotolewe kwa idadi ya wanafunzi wa sayansi na kwa bei halisi ya kemikali, na iende sambamba na ajira ya fundi sanifu katika kila sekondari. Wabunge wanaopitisha bajeti, na wazazi waliobeba mchanga wa kujengea maabara hizo, wanaombwa kuuliza kila mwaka ni majaribio mangapi yamefanyika ndani yake.