Mlima Kilimanjaro Haukuwa Zawadi ya Bathdei

Juzi mpwa wangu aliye gredi ya saba alinijia mbio na simu mkononi. "Anko, ulijua Malkia Victoria alimpa Kaiser wa Ujerumani Kilimanjaro kama zawadi ya bathdei?" Nikamuuliza amejuaje. "Nimeona kwa video." Video yenyewe haikufika dakika moja: ramani, muziki wa kuchekesha, malkia wa katuni akikata mpaka kwa makasi. Nakiri nilicheka pia. Kisha nikakasirika.

Nilikasirika kwa sababu hadithi hiyo si kweli, jamani. Mpaka unaoacha Kilimanjaro upande ambao leo ni Tanzania ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Wilhelm II, yule mjukuu wa Victoria anayetajwa kwenye hadithi, alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888. Ebo! Alipewaje zawadi ya kifalme miaka miwili kabla ya kukalia kiti?

Kilichotokea ni unyang'anyi wa mezani. Mwaka 1885 mawakala wa Kijerumani walikuwa Kilimanjaro wakiwatia machifu sahihi kwenye mikataba. Waingereza nao waling'ang'ania Mombasa na njia ya kwenda bara. Basi wakagawana. Mstari ukaanzia pwani karibu na Vanga, ukapita Ziwa Jipe, ukazunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Wamaasai wakajikuta nusu huku, nusu kule. Wakuria vilevile. Hakuna aliyewauliza.

Hebu linganisha hadithi hizo mbili. Ya kwanza ina nyanya mkarimu na mjukuu wake. Ya pili ina watu waliogawiwa kama shamba la urithi huku wao wenyewe wako hai. Mtoto akishika ile ya kwanza, mipaka yetu inakuwa kichekesho cha familia fulani ya Ulaya. Atacheka, atasongeza skrini, basi. Hana sababu ya kuuliza swali lingine.

Na si Kilimanjaro peke yake. Tazama video za Gambia. Utaambiwa mpaka wake ulipimwa kwa umbali wa risasi za mizinga kutoka kwenye manowari ya Waingereza mtoni. Hadithi tamu hiyo! Lakini mpaka ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1889, takriban kilomita 10 kila upande wa Mto Gambia. Na lile la maana linaachwa nje: ukanda huo mwembamba umeitenga Casamance, kusini mwa Senegal, na sehemu kubwa ya nchi yake. Mgogoro wa Casamance kutaka kujitenga ulianza 1982. Hadi daraja la Farafenni lilipofunguliwa mwaka 2019, magari yalipanga foleni kusubiri feri au yakazunguka mbali. Hiyo ndiyo Gambia. Mizinga ni chumvi tu.

Kwa nini chumvi ndiyo inayoshinda? Mimi ni mtu wa kuandika programu, na kazi hii imenifundisha jambo moja: unachopima ndicho unachopata. Programu inayokuchagulia video inayofuata inaangalia kama ulitazama hadi mwisho, kama ulirudia, kama ulimtumia rafiki. Haiangalii kama ulichoambiwa ni kweli. Na mtengeneza video si mjinga. Akiona malkia mwenye makasi anatazamwa kuliko mkataba wa 1886, kesho atakuletea mfalme mwenye msumeno.

Kuna watakaonijibu kwamba bila video hizi vijana hawangejua hata Gambia iko wapi. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Lakini wakisema video fupi haina nafasi ya kueleza ukweli, hapo nakataa katakata. Mwaka 2010 Hans Rosling wa Sweden alionyesha kwenye BBC nchi 200 katika miaka 200 kwa dakika nne tu. Kila nchi ilikuwa kiputo kinachotembea kulingana na mapato na umri wa watu kuishi, akichora kwa takwimu 120,000. Inaburudisha kama mpira, na ukimaliza unabaki na maswali ya kweli: kwa nini hawa walipanda mapema na wale wakachelewa? Kwa hiyo ufupi hauna kosa. Kicheko hakina kosa. Kosa ni uvivu.

Sisi Wakenya tunalalamika sana mgeni akitufupisha kuwa simba na Wamaasai wanaoruka. Haya, na sisi tukisambaza porojo za nchi za wenzetu tunatofautiana naye vipi?

Wewe unayetengeneza video hizi, andika mwaka na chanzo kwenye skrini. Ni herufi chache tu, hazitaua kichekesho chako. Na wewe unayetazama, uliza maswali matatu kabla ya kumtumia mwenzako: Mwaka gani? Nani walikuwa mezani? Nani hakuitwa?

Mpwa wangu nilimpa maswali hayo matatu. Ule mwaka 1888 aliupata mwenyewe, kwa simu ileile. Halafu akaniuliza, "Anko, sasa hao Wamaasai walifanya nini?" Tumeanza kusoma.