Neno la Mzazi Kabla ya Keki



Mpendwa msomaji, siku hizi hata Miono keki imefika. Inapakiwa kwenye bodaboda, boksi limefungwa kamba, na hadi ifike chini ya turubai krimu imeshalegea kwa joto na jina la mtoto limepoteza herufi mbili. Hakuna anayejali. Pilau ipo, soda zipo, watoto wa mtaa mzima wapo, wa kanisani na wa madrasa, na nyuma ya nyumba wapo vijana wenye ndoo za maji wakingoja zamu yao ya kummwagia mwenye siku. Kabla kisu hakijagusa keki, mshereheshaji anasema: "Sasa tumpe nafasi mzazi aseme neno juu ya mwanawe."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia. Sisi mafrateri tukiwa likizo parokiani huitwa kwenye shughuli hizi ili tufungue kwa sala, kwa hiyo tumelisikia mara nyingi, Miono na kwingineko, na linafanana sana. Mama anashika maiki. "Huyu mwanangu mnamjua, ni mtundu, kanisumbua tangu yuko tumboni. Si kama dada yake, yule mpole, hana neno na mtu. Huyu kachukua za baba yake." Watu wanacheka, baba anacheka kuliko wote. Mtoto wa miaka mitano naye anacheka, kwa sababu wakubwa wanacheka. Kisha anakata keki.

Maoni yetu ni kwamba katika dakika ile imetolewa hukumu, na aliyehukumiwa hakuulizwa kitu. Hatusemi kwamba mama yule ana nia mbaya. Ana mapenzi tele, ndiyo maana ameuza ufuta wake kabla bei haijapanda ili keki ipatikane. Tunasema tu kwamba siku hiyo mtoto anasikiliza kuliko siku nyingine zote, maana mara moja kwa mwaka watu wazima wote wamenyamaza ili yeye atajwe.

Pwani yetu ilikuwa ikiadhimisha kuzaliwa kabla ya keki, na iliadhimisha kwa jina. Mwajuma alizaliwa Ijumaa, Chausiku usiku, Mwanaidi wakati wa Idi. Mosi na Pili tunajua zamu zao. Wapo pia kina Tabu, Shida na Mashaka, ambao majina yao yanasimulia nyumba ilikuwa katika hali gani siku ile. Tazama busara iliyomo: jina linaeleza siku, au linaeleza dhiki ya wazazi, wala halimwelezi mtoto. Hakuna anayemngoja Shida alete shida. Tunawafahamu kina Tabu ambao ndio wachangamfu wa jumuiya zao. Lakini "mtundu", "mzito", "mpole" na "mvivu" nayo ni majina. Yanatolewa bila akika wala ubatizo, na haya watu wanangoja yatimie.

Kanisa lenyewe ni bahili wa sikukuu za kuzaliwa. Watakatifu karibu wote tunawakumbuka siku waliyokufa. Waliobaki ni watatu: Bwana wetu tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Origenes, mwalimu wa karne ya 3, aliona hata jambo la kutisha kidogo: katika Maandiko wanaofanya karamu ya siku yao ya kuzaliwa ni Farao na Herode, na karamu zote mbili ziliishia kwa mtu kuuawa. (Wazazi wasiogope. Keki si dhambi.)

Hebu tubaki na Yohane. Majirani wa Zakaria na Elisabeti walikuwa na kila sababu ya kumtolea mtoto hukumu. Mama mzee, baba bubu, jina ambalo halikuwapo katika ukoo, na mlima mzima wa Yudea ukizungumza. Hata hivyo Luka anatuambia kwamba waliloliweka moyoni ni swali: huyu atakuwa mtu wa namna gani? Kisha baba, ambaye kinywa chake kimeshafunguliwa, anatoa neno la mzazi. Sisi seminarini tunaliimba kila asubuhi katika Masifu, na labda kwa kulizoea hatuoni jinsi lilivyopangwa. Sehemu kubwa Zakaria anamsifu Mungu. Mtoto anamgeukia karibu na mwisho, kwa maneno machache, na anachomwambia ni kazi iliyo mbele yake. Hasemi kama mtoto ni mpole au mkali. Na kwa jinsi tunavyomjua Yohane alipokua, ukali ulikuwapo.

Mfano wa pili tunaupenda zaidi, kwa sababu mzazi mwenyewe alikuwa mwanafalsafa na hakuwa hata amebatizwa bado. Tarehe 13 Novemba mwaka 386 Augustino alitimiza miaka 32. Alikuwa shambani Cassiciacum, karibu na Milano, pamoja na mama yake Monika, ndugu, binamu, wanafunzi wake wawili na mwanawe Adeodatus, kijana wa miaka kama 14. Baada ya chakula kidogo aliwaandalia wageni mjadala juu ya heri ya mwanadamu, uliochukua siku tatu na kuwa kitabu. Ilikuwa siku yake yeye, lakini alipokuwa akiwataja waliohudhuria alifika kwa mwanawe. Alisema kwamba huyu ni mdogo kuliko wote, na kwamba akili yake inaahidi kitu kikubwa. Ila aliweka sharti: ikiwa mapenzi ya baba hayamdanganyi.

Sharti hilo dogo ndilo ambalo hatulisikii chini ya turubai. Baba anakiri kwamba macho yake yana upendo, na upendo unaweza kuona zaidi ya kilichopo, kama vile uchovu unavyoweza kuona pungufu. Wala Augustino hakuwa mtu wa kudhani kwamba watoto ni malaika. Ndiye aliyeandika katika Maungamo kwamba alimwona kwa macho yake mtoto mchanga, hajui hata kusema, amegeuka rangi kwa wivu akimtazama mwenzake anayenyonya. Lakini juu ya Adeodatus, ambaye jina lake maana yake ni aliyetolewa na Mungu, alikiri kwamba kilichokuwa chake yeye baba ni dhambi tu. Mengine yote katika kijana yule yalikuwa zawadi ya Mungu.

Tena alimwacha aseme. Walipoulizana ni nani aliye na Mungu, kila mmoja alijibu lake, na mdogo kuliko wote akajibu kwamba ni yule asiye na roho mchafu. Bibi yake Monika aliyakubali majibu yote, lakini hilo zaidi. Mwaka uliofuata, usiku wa Pasaka, baba na mwana walibatizwa pamoja Milano na Askofu Ambrosi. Miaka michache baadaye kijana alifariki, hajafika hata 20. Kimebaki kitabu cha mazungumzo yao kiitwacho Juu ya Mwalimu, na baba anashuhudia kwamba mawazo yaliyomo kinywani mwa mwana yalikuwa ya mwana mwenyewe, akiwa na miaka 16.

Kiswahili chetu kinatusaidia kuelewa kwa nini sharti la Augustino ni la lazima. Tuna hulka, tuna tabia, na katika katekisimu tuna nafsi, na hivi si kitu kimoja. Hulka mtoto anazaliwa nayo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anakubali kwamba kwa maumbile ya mwili mtu mmoja huelekea upole na mwingine ukali. Hapo mama anayesema "kachukua za baba yake" ana haki yake. Tabia ni jambo jingine. Aristotle alifundisha kwamba tunakuwa wenye haki kwa kutenda matendo ya haki, mara kwa mara, mpaka yawe yetu. Mtoto wa miaka mitano ndiyo kwanza anaanza. Ama nafsi, yaani yule anayesema "mimi", Kanisa linafundisha kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja, haitoki kwa wazazi. Basi za baba yake ni pua, ni hasira za haraka, pengine na mwendo. Mwenye pua hiyo si wa baba yake.

Hata methali zetu zinagombana hapa. Moja inasema samaki mkunje angali mbichi, nyingine inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mzazi aliyechoka huishika ya pili, na tunamwelewa, kwa sababu ya pili haina kazi.

Tutaulizwa: ninyi mafrateri hamlei, mnajua nini? Ni kweli hatujakesha na mtoto mwenye homa. Lakini sote tuliwahi kuwa wana wa mtu. Tena maisha ya seminari yana jambo hili ndani yake, maana kila mwaka walezi wetu huandika taarifa juu ya kila mmoja wetu, na tunajua uzito wa neno moja linapoandikwa mahali pa mtu mzima. Mlezi mzuri huandika alichokiona, lini na mara ngapi. Hilo linavumilika, hata likiwa baya.

Na wapo wazazi wanaofanya hivyo bila kusoma falsafa yoyote. Tulimsikia mama mmoja huko huko Miono. Alisema mwanawe mwaka huu amejifunza kufunga mbuzi kamba mwenyewe. Kwamba siku hizi kuku akichinjwa anakimbilia kwa jirani. Na kwamba ameanza kuuliza marehemu wanakula nini. "Sijui nimjibu nini," akasema, akaketi. Wageni hawakucheka sana. Mtoto alikuwa akimtazama mama yake kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kwamba mwaka mzima kulikuwa na anayemwona.

Mtu anaweza kusema jambo hili ni dogo, maneno ya shughuli tu, kesho yamesahaulika. Hayasahauliki, maana sasa yanarekodiwa na kurushwa WhatsApp kabla keki haijaisha. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Aliyeitwa mtundu mbele ya watu, kikivunjika kikombe jumatatu, hakuna anayeuliza nani kavunja. Anachapwa yeye. Baada ya muda anaona hakuna faida ya kutovunja.

Hata hivyo wasiwasi wetu mkubwa ni kwa yule dada yake, mpole asiye na neno na mtu. Sifa hiyo inapendwa sana kwa watoto wa kike. Tunaipigia makofi. Lakini ukimya wa mtoto una sababu nyingi, na nyingine si hulka. Upo ukimya wa mtoto anayewaza. Upo wa aliyezoea kutosikilizwa. Upo pia wa mtoto anayeumizwa na mtu wa karibu na hajui aanzie wapi, na huyu tukishamtangaza kuwa mpole tumempa aliyemuumiza zawadi, maana hakuna atakayeshangaa kwa nini hasemi.

Zahanati inatufundisha jambo hapa. Kila mwezi mama hupeleka mtoto kupimwa uzito, na nesi huweka nukta kwenye kadi ya kliniki. Nesi mwenye uzoefu hasomi nukta moja. Anaziunganisha atazame mstari unaelekea wapi, na mstari ukilala au ukishuka anamuuliza mama maswali, hata kama mtoto anaonekana mzima. Mtoto aliyekuwa akiimba njiani na sasa haimbi, mstari wake umeshuka. Aliyekuwa akimkimbilia mgeni fulani na sasa anajificha akija, vilevile. Mzazi anayejua mtoto "ni" nani haoni mabadiliko haya, kwa sababu alishafunga kadi.

Kwa hiyo mwenye binti mpole na anayemwandalia keki mwezi huu, sifa zake aziweke kidogo. Usiku, wageni wakishaondoka, akae naye jamvini, yeye au shangazi, au mjomba ambaye kwa Wakwere na Wazigua ana sauti katika nyumba ya dada yake, amuulize mwaka huu nini kilimfurahisha na ni nani anamwogopa. Asijibiwe papo hapo asikasirike. Jibu la mtoto kama huyo mara nyingi huja siku kadhaa baadaye, njiani kwenda shamba la mananasi, katikati ya hadithi inayohusu kitu kingine kabisa.